Muhogo wa Usiku Moja

Bunia, juma nne, 9 septemba 2003

Sasa hivi Gracieuse amevua ndara yake ya mguu wa kushoto, ameiangalia, ameibusu, na ameitupa ndani ya beseni ninamoloweka muhogo. "Maji," ameniambia. Kisha amekaa chini kuingojea. Nimeitoa upesi, maana maji yale ni ya uchungu, naye amelia kama nimemunyang'anya mali. Nimechelewa kumufahamu. Kila siku ananiona natia vitu vigumu majini na vinatoka laini. Ndara yake imekauka, inamuuma kidole. Ana miaka miwili na tayari ana mpango. Basi nimemupa sufuria ndogo ya maji safi, ametia ndara yake, tumefunika.

Hiyo ndiyo inafungua kaye yangu, daftari hili. Mama Émilienne, anayeongoza maombi ya wamama kwenye kanisa letu la turubai, alitugawia kaye siku ya Mungu, siye watano tunaojua kuandika. Alisema: "Somo ya Mungu haiko mu Biblia peke yake. Iko mu sufuria, iko mu kufua nguo, iko kwa mutoto. Kila siku mutafute moja, muandike. Noeli tutasomeana."

Mama mumoja akauliza: "Na siku Mungu hasemi kitu?"

"Utaandika: leo nilikuwa kiziwi."

Mimi ni Nadège, mutu wa Bule. Nilifika ya tano primaire, kisha vita ikafunga shule. Tangu mwezi wa tano tuko hapa kambini, karibu na uwanja wa ndege: mimi, bwana yangu Fulgence anayepakua mizigo ya ndege, mama yake Charlotte, na Gracieuse. Bloki ya tatu, mustari wa kwanza ukitoka bombani. Nyumba ni miti na bashi ya bluu, turubai la plastiki. Mvua ikipiga juu yake hatusikilizani, tunaongea kwa mikono.

Somo la leo: mutoto haulizi kama inawezekana. Anatia, anafunika, anakaa.

10 septemba

Ndara imelala majini. Bado ngumu. Gracieuse ameiuma kwa meno kuhakikisha, kisha ameirudisha. Somo: kungoja tena.

12 septemba

Mvua siku nzima. Fulgence amerudi na viatu mukononi ili visilowe, miguu ndiyo ilowe. Nimecheka. Amesema: "Mguu inakauka bure, kiatu inauzwa." Sijui kama hilo ni somo.

15 septemba

Leo niandike juu ya jirani. Mulango unaotazamana na wetu ni wa Berthe, Mama Annette. Ni mutu wa Mahagi, Mukatoliki, anauza samaki kavu wa Tchomia. Yuko peke yake na binti yake Annette wa miaka sita. Bwana yake alikuwa wa upande ule mwingine wa vita. Siandiki jina la upande, kaye inaweza kuanguka mikononi mwa mutu. Lakini upande ule ndio ulichoma Bule, na ndio ulimuua Fiacre, mudogo wa Fulgence. Bwana ya Berthe hakuchoma kitu. Alikuwa anashona viatu hapa mujini, na mwezi wa tano alitoka asubui kutafuta maji, hakurudi. Mimi najua hivyo. Mama mukwe vilevile anajua, ila kujua hakumusaidii. Fiacre alikuwa kitinda mimba wake.

Leo Berthe amemutuma Annette na samaki moja kwa ajili ya Gracieuse. Mama mukwe amekutana naye mulangoni.

"Ile samaki iko na macho?"

"Iko nayo, mama."

"Basi ijionee njia ya kurudi."

Annette amerudi nayo polepole, ameishika kwa mikono miwili. Nimejifanya nafagia.

Kuna kitu kimoja tu ambacho mustari wetu wote unakubaliana. Muhogo wa huku ni ule mukali. Lazima ulale majini siku tatu uache uchungu, ndipo tunauanika juu ya mabashi, ndipo unakwenda mashini kusagwa. Na mwezi huu mvua inakuja bila hodi. Basi mutu aliye nyumbani mvua ikianza, anaanua muhogo wa wote, wala hachagui. Lakini juma lililopita mama mukwe alianua wa mustari wote akaacha bashi moja katikati, ya Berthe. Nilitoka nikauanua mimi. Aliniangalia mpaka nikasikia mgongo unawaka.

Somo: sijapata bado. Labda ni lile la bashi moja katikati.

21 septemba, siku ya Mungu

Tangazo kanisani! Siku ya Mungu, tarehe 5 ya mwezi wa kumi, ni sikukuu ya mavuno. Hatuna mashamba, lakini Mama Émilienne amesema Mungu anajua kambi ni nini. Kila mama alete unga wa mikono yake, utapikiwa wazee wasio na mutu. Na majina ya wamama yatasomwa mbele ya wote.

Jina langu lilisomwa mbele ya watu mara moja tu, siku nilipopita darasa la nne shuleni. Baba alikuwa amesimama dirishani kwa nje.

26 septemba

Gracieuse ametoa ndara, ameivaa imelowa, amecheza nayo. Amesema "laini." Si kweli, lakini yeye anaamini.

30 septemba

Tulipaswa kwenda jana kuchimba muhogo kwenye mashamba ya watu, nje ya kambi. Gari nyeupe la askari wanaotusindikiza halikuja, na bila lile hakuna mama anayetoka kambini. Tumeenda leo, tumerudi jioni, shingo zinauma. Sikukuu ni juma pili hii inayokuja. Nimemenya, nimeloweka. Siku tatu majini, siku mbili juani, na mashini haisagi siku ya Mungu. Nimehesabu kwa vidole mara nyingi, na vidole vinakataa.

Nimekata vipande vidogo vidogo ili maji yaingie haraka.

1 oktoba

Muhogo nimeutoa leo asubui. Umelala usiku moja. Mama mukwe alikuwa bombani, hakuona. Jua ni kali, jua litamaliza kazi ya maji. Ee Bwana, ni kwa ajili yako naharakisha, weye mwenyewe unaona.

3 oktoba

Jana mvua ilitupata wote kwenye mugawo wa mafuta. Berthe peke yake alibaki, yule hawakumuandika kwenye liste. Ameanua muhogo wa mustari wote. Wetu ulilala kwake, juu ya kitanda chake, godoro amelisimamisha pembeni, na upande mumoja limelowa. Leo asubui nimekwenda kuuchukua.

"Mama Gracieuse, ngoja kwanza. Hii muhogo yako..."

"Aksanti, aksanti sana, Mama Annette, niko mbio."

Mama mukwe alikuwa amesimama mulangoni kwetu, mikono kiunoni. Sikungoja.

Somo: jirani aliyelala juu ya godoro lenye maji ili unga wangu ufike kanisani.

4 oktoba

Mashini imesaga! Vipande vichache mwenye mashini amenirudishia, katikati vilikuwa bado. Nimeviacha ndani ya mufuko. Unga wa kanisa nimeufunga kwenye kitambaa cha harusi yangu. Uliobaki napika sasa, saa sita ya mchana. Gracieuse anapiga sufuria na kijiko, anaimba "bugali, bugali." Kesho jina langu

6 oktoba

Yuko hai. Hilo niandike kwanza. Yuko hai, amelala hapa kwenye paja langu la kushoto, naandika na mukono wa kuume.

Alikula vizuri, kuliko siye wote. Fulgence alikuwa uwanjani. Mama mukwe alikula kidogo, mimi kidogo, maana nilitaka ubaki. Hata saa moja haikupita, Gracieuse akatapika. Tukasema ameshiba kupita kiasi. Akatapika tena. Kisha akaniita "mama" kwa sauti ambayo siijui, shingo ikalala, miguu ikaning'inia kama nguo. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinazunguka. Nilimubeba mukimbio. Ndara ilianguka njiani, sikuiokota.

Kwenye hema la wagonjwa, muuguzi wetu, enfirmiye Honoré, alitafuta mushipa kwenye mukono wake mara tatu. Alipoupata, akaweka serumu. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Amekula nini?"

"Bugali."

"Ya muhogo? Ililala mu maji siku ngapi?"

Mama mukwe alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anapumua. Nikasema:

"Tatu."

Honoré akaandika. Niliona kalamu inatembea. Aliandika 3 kwenye karatasi ya mutoto wangu.

Tumekaa pale mpaka leo asubui. Siku ya Mungu nilisikia ngoma za sikukuu kutoka mbali, na niliomba, lakini si maombi. Nilikuwa nasema tu: chukua jina langu, chukua unga, acha mutoto. Leo asubui Gracieuse amefungua macho, ameangalia serumu inavyodondoka, amesema "maji." Honoré amecheka peke yake. Mimi nililia mpaka Fulgence akanishika mabega.

Tulipofika nyumbani nilikuta mustari wote umesimama nje. Mama mukwe alikuwa ametangulia. Alikuwa ameshika kitambaa changu cha harusi na unga ndani, na mufuko wa vile vipande vilivyorudishwa. Alikuwa anasema kwa sauti ya shambani:

"Muhogo ililala kwa nani? Mukwe yangu ni mujinga, alimuachia. Kichwa yangu mimi mwenyewe iliuma. Walimaliza Fiacre, sasa wanakuya kumaliza mujukuu."

Berthe alikuwa kwenye mulango wake.  Aliniangalia mimi, tu mimi, na Annette alikuwa nyuma ya kikwembe alichojifunga.

Nikaingia ndani na mutoto. Nikafunga mulango wa gunia.

8 oktoba

Leo nilikuwa kiziwi.

9 oktoba

Leo nilikuwa kiziwi.

10 oktoba

Mvua. Hakuna anayenunua samaki wa Berthe. Jana walimutoa kwenye zamu ya bomba, anateka wa mwisho. Leo nilikuwa kiziwi.

12 oktoba, siku ya Mungu

Mama Émilienne ameshukuru Mungu mbele ya wote juu ya Gracieuse. Amesema jina langu kwa sauti kubwa: "Dada yetu Nadège, Mungu amemukinga na mikono ya watu wabaya." Watu wote wamesema amina. Hivyo jina langu limesomwa.



14 oktoba

Gracieuse anatembea tena. Fulgence alikuwa amerudi njiani ameipata ile ndara kwenye matope. Leo Gracieuse ameivua, amevuka njia na mguu mumoja mutupu mpaka kwa Berthe, amemupa Annette. Alitaka waitie kwenye maji yao. Annette ameiweka chini kwenye kizingiti, amerudi nyuma.

"Mama amesema tusiguse tena kitu ya mutu."

Miaka sita. Aliisema kwa heshima, kama anajibu mwalimu.

Mama mukwe ametoka mbio, ameokota mutoto na ndara kwa pamoja. Na jioni amekuja Rémy, shefu wetu wa bloki, amesema kutakuwa na mukutano kesho kutwa, juu ya Mama Annette. Watamutoa kambini.

Nimemuuliza Fulgence: "Atakwenda wapi?"

Amesema: "Huku wanamuhesabu na bwana yake. Kule kwa watu wa bwana wanamuhesabu na kabila yake. Akitoka hapa hana pa kusimama."

Nilikuwa na neno mudomoni. Mama mukwe alikuwa anapanga kuni pale pale. Nikalimeza, na lilikuwa chungu, ule uchungu wenyewe wa muhogo.

15 oktoba

Nilifungua mwanzo wa kaye nisome. Nimesoma nilichoandika tarehe moja. Kalamu ni yangu, mukono ni wangu. Kama mutu angepata kaye hii angejua yote. Mungu hahitaji kuipata.

Ninaogopa nini? Si kupigwa. Ninaogopa mama mukwe ajue kwamba nilimulisha mujukuu wake muhogo wa usiku moja ili jina langu lisomwe. Ndiyo yote. Mutu atatolewa nje ya kambi auawe, juu ya aibu yangu.

16 oktoba

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Mukutano ulikuwa mbele ya bomba. Watu walikuwa wengi, hata wa bloki ya pili. Rémy alisimama na karatasi. Ni mutu wa maneno malaini.

"Siye wote tuko hapa juu ya amani. Muhogo ililala kwa huyu mama. Mutoto alikula, akaanguka. Hatusemi amefanya. Hapana. Tunasema tu, ni heri atoke, ili watu walale vizuri."

"Alale yeye kwanza!" mutu akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka.

"Mama Annette, uko na neno?"

Berthe alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri, kama anakwenda misa. Alisema: "Nilianua muhogo ya wote. Yangu ilikuwa ndani vilevile. Niko na hilo tu."

Halafu akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama mutu anayengoja zamu yake bombani.

Gracieuse alikuwa mugongoni mwangu. Alinipiga shavu na mukono wake, ule wenye alama ya sindano. Nikasikia mutu anasema: "Ni mimi." Sauti ilikuwa yangu.

"Nani?" Rémy akauliza.

"Ni mimi nilikosa. Muhogo ililala mu maji usiku moja. Nilitoa mbele ya siku yake, juu ya sikukuu. Nilitaka jina yangu isomwe. Mama Annette alianua tu, mvua isinyeshee. Na enfirmiye nilimudanganya. Nilisema tatu."

 Ndege ilikuwa inapanda, tukangoja ipite. Kisha Rémy akasema kwa upole wake: "Mama, labda unamuhurumia tu huyu mwenzako. Tunakujua moyo yako."

Hawakuniamini! Nilikuwa nimeogopa siku kumi, na sasa hawakutaka. Nikaenda pale mama mukwe alipokaa na ule mufuko kwenye magoti. Nikapiga goti mbele yake, nikatoa kipande kimoja cha vile vilivyorudi mashini, nikamupa.

"Mama, vunja weye mwenyewe."

Mama Charlotte amelima muhogo kule Bule tangu kabla ya Fulgence kuzaliwa. Hakuna anayeweza kumudanganya juu ya muhogo. Alinitazama. Alivunja. Tulisikia mulio, kak, kama kijiti. Muhogo uliolala siku tatu hauna mulio, unabomoka. Aliangalia katikati, kulikuwa kweupe na kugumu. Aligusisha ncha ya ulimi. Akatema mate pembeni, akafuta mudomo na nguo.

Ningependa anisamehe, au anitukane, yote mawili ningepokea. Alisema maneno mawili tu, na aliyasema kwa Rémy:

"Usiku moja."

Kisha akasimama, akakung'uta kikwembe, akaenda zake.

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mama mumoja akasema nipigwe. Mama Émilienne akasimama karibu nami, bila kunishika, bila kuniacha. Rémy akakunja karatasi yake ndogo, ndogo tena, mpaka ikaingia mufukoni, akasema mukutano umekwisha na watu waende kuteka maji.

Fulgence akanipokea mutoto. Tulitembea. Njiani akasema: "Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningeogopa pamoja na weye."

17 oktoba

Nimekwenda kwa Honoré. Ametafuta karatasi, amekata ile 3, ameandika 1. Amesema: "Wamama wengi wananiambia tatu. Weye ni wa kwanza kurudi." Hakucheka. Kisha amenionya vikali juu ya watoto na muhogo mukali, na nimesimama kama mwanafunzi, nimesikiliza mpaka mwisho. Leo sikuwa kiziwi.

18 oktoba

Nimepata jina. Bombani wananiita Mama Usiku Moja. "Mama Usiku Moja, pita mbele, weye hupendi kungoja!" Nimecheka nao. Kicheko kilikuwa na miiba, lakini maji nimepata.

Nimekwenda kwa Berthe. Nilikuta sufuria zake zimefungwa kwa kamba, na mukeka umeviringishwa. Nikasimama kwenye kizingiti, maneno yote niliyopanga yakakimbia.

"Ingia ama utoke," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikamwambia nisamehe. Alikuwa anafungua fundo la kamba kwa meno, lilipolegea akasema:

"Ile asubui nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimevunja kipande, nikaona. Nikasema nikuambie urudishe mu maji. Weye ukasema uko mbio."

"Ulijua? Na mu mukutano ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mama mwenyewe amelisha mutoto wake vibaya? Mu kinywa yangu ingekuwa uwongo. Ilipaswa itoke mu yako."

"Na kama haingetoka?"

"Ningeenda. Si unaona, nilikuwa nimeisha kufunga. Sasa umenitesa, nafungua tena vyote."

Akacheka kidogo, mimi nikalia. Akanipa samaki nishike, kama mutu anayempa mutoto kitu anyamaze. Kisha akasema, na Wakatoliki mambo haya wanayasema kama habari za soko:

"Bwana Yesu mwenyewe alilala mu kaburi mpaka siku ya tatu. Mungu angeweza kumutoa ile usiku ya kwanza, nani angemukataza? Hakuharakisha. Weye ni nani, Mama Gracieuse, kutoa muhogo siku ya kwanza?"

Nimerudi nyumbani na hilo. Nimeliandika kama alivyolisema.

Hajasema amenisamehe. Amefungua sufuria.

24 oktoba

Mama mukwe hasemi na mimi. Anapitia kwa mutoto. "Gracieuse, ambia mama yako chumvi imepita." "Gracieuse, ambia mama yako bashi inavuja." Gracieuse anakuja, anasimama mbele yangu, anasema "chumvi," kwa bidii ya mutu aliyetumwa na mufalme.

2 novemba, siku ya Mungu

Wakatoliki, watu wa Berthe, wanaombea marehemu wao leo. Alikuwa nje, amekaa na kiatu kimoja cha bwana yake, alichoacha bila kumaliza kushona. Mama mukwe alipita kuelekea bombani. Akasimama. Nilidhani atasema kitu. Alitazama kile kiatu, kisha akaenda. Aliporudi na maji, alipita njia ile ile tena, ingawa nyingine ni fupi.

7 novemba

Mimi na Berthe tumeloweka muhogo pamoja ndani ya pipa moja. Siku tatu. Gracieuse na Annette wamekaa karibu na pipa kulilinda nisije nikautoa. Ni Annette aliyewaza hivyo. Ndara iko kwenye sufuria yake.

11 novemba

Annette ameleta samaki tena. Mama mukwe alikuwa mulangoni.

Aliinama akaitazama kwa muda.

"Iko na macho," akasema. "Inatuangalia vibaya. Muifunike."

Na akaipokea. Ameila, ameacha kichwa kwa Gracieuse.

15 novemba

Mvua zinapungua. Fulgence ameshona bashi.

19 novemba

Mama Émilienne amesema tuchague somo moja la kusomea wamama siku ya Noeli. Nimepindua kaye yote. Kuna siku nyingi za ukiziwi. Nikafikiri nizitoe, kisha nikaona hapana, zibaki, wazisikie.

Mchana huu uko mutulivu. Berthe amekwenda na Annette kupokea samaki wa Tchomia barabarani. Muhogo wake uko nje, wetu vilevile, bashi na bashi, siku ya pili juani. Gracieuse ametoa ndara yake kwenye sufuria, ameikunja. Ameniletea niione. Na kweli, baada ya maji yote haya, inakunjika! Mama mukwe amekaa mulangoni anachagua maharagwe. Tangu mukutano hajasema jina langu, na siku hizi sihesabu tena. Kwa upande wa uwanja wa ndege mawingu yamesimama meusi, ila huenda yakapita.

Nataka kuandika somo langu hivi: uchungu hautoki kwa kuharakishwa. Mimi nilifikiri Mungu anangoja unga wangu, kumbe alikuwa anangoja mimi, siku ya kwanza, siku ya pili, na hakuchoka, hata pale nilipo

Tone limeanguka kwenye karatasi. Mama mukwe amesimama, maharagwe yamemwagika. Anaita:

"Nadège! Weye Nadège! Acha makaratasi, mvua! Mama Annette hayuko, muhogo yake iko nje! Yetu iache, anza na ile yake, ile ya katikati, mbio!"

Amesema jina langu. Naenda, naandika hili tu, kwamba ame